Buti za Aliyezama

Kule visiwa vya Faroe hadithi haianzi kwa paukwa,
wala hakuna wa kuitikia pakawa.
Huanza kwa kahawa.
Chumba cha shule, Desemba, saa kumi jioni na nje giza totoro,
watu kumi na mmoja, sindano za kufumia zikigongana,
na upepo ukilijaribu bati msumari kwa msumari.

Rannvá akafungua daftari, akasoma:
mtu aliyezama miaka thelathini iliyopita
anatoka baharini usiku,
anapanda kilima, anasukuma lango,
anaingia jikoni kwao, anaketi, anaomba supu.

Hakuna aliyecheka.
Hakuna aliyesema wafu hawarudi.
Mjane wa mwenye duka alipoteza hesabu ya mishono.
Billa peke yake alitaka kujua supu ya nini,
maana kama ni Alhamisi, basi ni ya samaki.
Kisha Hanus, aliyechinja kondoo za watu maisha yake yote,
akanyanyua kidole chenye kovu:
"Hapana. Hiyo siiamini."

"Maiti?"

"Maiti sina neno naye. Lango.
Umesema kalisukuma. Lango linalotazama magharibi
huvutwa, binti. Lifanye la kusukuma,
na dhoruba ya kwanza utalala nayo kitanda kimoja.
Halafu buti. Kaingia jikoni na buti?
Na mama yake yumo humo ndani, mzima?
Basi."

Njia ya mwongo ni fupi.
Ya Rannvá iliishia langoni.

Alinuna wiki nzima.
Nimewapa bahari inayotema mtu, alijisemea akimenya viazi,
wakaimeza bila kutafuna,
kisha wakapaliwa na bawaba!

(Nami ningenuna. Nimewahi kuandika mti unaozungumza,
nikaulizwa ni mti gani,
nikakosa jibu.)

Usiku wa nne alishuka uani na tochi mdomoni,
akashika lango lake mwenyewe,
lango alilopita tangu hajafika urefu wa komeo,
akalivuta.
Likaja.
Mkono ulikuwa unajua siku zote.
Kalamu ndiyo iliyokuwa mgeni.

Akafuta. Akaandika upya:
lango limevimba kwa mvua. Mfu halivuti hivi hivi,
analiinua kidogo kwanza, kwa goti,
kama wanavyofanya wa nyumba hiyo tu.
Mlangoni anainama. Buti la kulia linatoka.
La kushoto linagoma, linang'ang'ania mguu,
kisha linaachia kwa mlio wa busu
na maji, lita nzima, na kome mmoja mdogo
anayebingirika hadi chini ya jiko.
Anayapanga ukutani, ncha zikitazama nje.
Mama yake hageuki.
"Umechelewa," anasema. "Chota mwenyewe."

Januari walikutana tena, watu walewale,
na theluji iliyokataa kuwa theluji wala mvua.
Rannvá alisoma bila kuinua macho,
akiogopa kidole.

Alipofika kwenye buti, sindano zilinyamaza.
Alipofika kwenye kome,
Billa alichungulia chini ya kiti chake.

Hanus hakusema kitu.
Aliutazama mlango wa darasa,
ule wenye ramani ya dunia iliyochanika upande wa kusini,
akautazama muda mrefu kupita ilivyo adabu.
Kisha taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto,
akajisogeza kwenye benchi,
akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Kijiji kizima kilijua habari za Dánjal, kaka yake.
Hakuna aliyemtaja.

Rannvá alifunga daftari.
Mtu akaenda kuleta kahawa,
na aliyegawa vikombe
alihesabu mara mbili.